Kumi na Mbili za Profeseno

Okello aligonga mwamba, na mwamba ukaitika.

Mwamba mzima hauitiki. Unakurudishia tu nyundo mkononi, basi. Huu uliitika kama mtungi, na ndugu yangu akageuka, tochi yake ya kichwani ikanipiga machoni. "Omera," akasema, yaani ndugu yangu, "huku nyuma kuna kitu." Mimi nilikuwa chini ya mdomo wa shimo, pale njia ya pembeni inapoanzia, nafunga gunia la mawe kwenye kamba. Nilifungua kinywa nimwambie atoke. Toka ni neno fupi sana, lakini ukuta ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wangu.

Maji ya shimo lililoachwa hayafanani na maji ya ziwa. Yalikuwa mazito, baridi, yananuka majani yaliyooza. Yalimwangusha Okello kabla sijamaliza kumwona. Yakanikamata kiunoni, yakanibana ukutani, halafu yakanipandisha juu kama takataka, kamba mkononi kwa sababu mkono ulikuwa pale tayari, si kwa akili yoyote. Nilitokea juu sina ngozi ya viganja. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wa juu wanakunywa chai. Okello hakutoka. Otieno, aliyekuwa nyuma yake, hakutoka. Chacha, Mkuria aliyejiunga nasi mwezi uliotangulia, hakutoka. Pampu ilinguruma siku tatu ndipo tukawapata, wote watatu pembe moja.

Naanza na hapo kwa sababu wengine wakianza kumweleza yule mtu huanza na vikapu alivyofunga. Huanza na Misri, na Uturuki, na ndege. Mimi nimemjua zaidi ya miaka ishirini, na kwangu yeye anaanzia kwenye maji yale, kisha ndipo narudi nyuma kutafuta alipita wapi mpaka akafika hapo.

Tulimwita Profeseno. Redio ndiyo iliyoleta neno, ati mchezaji wa kulipwa, profesheno wa mpira wa kikapu, wa kwanza kutoka upande wetu. Ulimi wa Kijaluo hauna subira na hiyo "sh", kwa hiyo kuanzia Kendu Bay hadi Migori akawa Profeseno, na wazee wengine walidhani anafundisha chuo kikuu. Wazee hao walipomuuliza anafundisha nini, hakuwasahihisha. Jina lake la cheti silitaji. Limetajwa vya kutosha. Majina nitakayotaja ni ya wengine, na hayo nitayataja vizuri.

Alikuwa mrefu, hilo sikatai. Alikuwa mrefu mpaka watu wakawa wanamsalimu tumbo kwanza. Lakini urefu wake aliutumia kama mtu anayetumia king'ora. Alikuwa anainamia milango. Mlango wa duka, sawa, ungemgonga. Mlango wa nyumba yangu, sawa kabisa, hata mimi nauinamia. Lakini nilimwona kwa macho yangu akiinamia mlango wa kanisa la Sabato pale Kendu Bay, mlango unaopitisha jeneza likiwa mabegani mwa watu. Aliinama, akashika kizingiti kama kinamtisha, akatabasamu, na kina mama wakasema, "Yaye, pole mwanangu." Pole ya nini? Hewa ndiyo ingemgonga.

Mikono yake ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Akisimama wima, vidole vinakaribia magoti. Akiinyoosha kwa pembeni, watu wawili wa kawaida wanaweza kujificha nyuma yake na mvua isiwapate. Alipenda kuinyoosha. Kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye duka la mbolea, ungesikia, "Hebu Profeseno, tuonyeshe," naye angenyoosha polepole, uso mpole, kama padri anayebariki. Kisha angesema maneno yake: "Mimi nilizaliwa karibu na kikapu." Alisema hivyo kila mara, kwa kila mtu. Aliyasema mbele ya mama yake, ambaye hakuwahi kumwona akicheza hata mara moja, maana mechi kubwa zilikuwa Jumamosi na Jumamosi ya mama ilikuwa na mwenyewe, kanisani.

Kuhusu kazi yake ya mpira nitasema ninachojua. Alicheza Nairobi miaka sita, akachukuliwa Misri, kutoka Misri akaenda Uturuki misimu miwili. Ukimsikia yeye, Uturuki ilisimama alipowasili na ikakaa chini alipoondoka. Baadaye nilikutana na jamaa aliyewahi kuishi naye huko, dereva, mtu wa Rongo, nikamuuliza. Akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, yule alikuwa anapasha benchi moto. Benchi lenyewe lilimjua kwa jina." Alipasha benchi, goti likaharibika katika mazoezi, akarudishwa nyumbani na begi na suti ya mazoezi ya bluu yenye namba tisa mgongoni. Suti hiyo aliivaa miaka kumi na zaidi. Ilipochakaa magotini alishonea viraka vya bluu nyingine, bluu ya sare ya shule, na bado aliivaa.

Lakini sitasema uongo kwa sababu nina hasira. Nilimwona akicheza mara moja, Homa Bay, kwenye kiwanja cha shule ya upili ambacho saruji yake niliichanganya mimi kwa koleo nikiwa kibarua. Alikuwa amekuja likizo kutoka Misri. Walicheza tu kwa kujifurahisha, walimu na vijana wa mji. Kwa robo saa yule mtu hakuringa hata kidogo. Aliacha kutuangalia sisi. Aliruka kwa mpira uliokuwa umeshapita, akaurudisha kwa ncha za vidole kama mtu anayechuma kitu chake mwenyewe, akampa mwalimu mfupi mmoja afunge yeye. Mwalimu yule alifunga, akalia. Nilisimama juu ya saruji yangu nikasema moyoni, kumbe. Kisha mechi ikaisha, akavaa miwani ya jua, akawa yeye tena.

Na siku ile mke wangu alipozidiwa, mvua imekata barabara, bodaboda wote wamekataa, ni yeye aliyepita. Hakuuliza swali. Alimbeba mikononi, mikono hiyo hiyo, akakimbia naye matopeni na goti lake bovu mpaka lami, na mke wangu yuko hai leo. Alipomkabidhi kwenye gari aligeuka akaniambia, "Baba Achieng', wewe mfuate, mimi nitafunga nyumba." Na alifunga nyumba. Hata kuku aliwaingiza.

Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mtu mbaya tu ningemsahau.

Alijifanya amesahau Kijaluo. Hii ilikuwa tabia ya miaka miwili ya kwanza baada ya kurudi. Anashika jembe, anauliza, "Hii mnaitaje?" Siku moja shangazi yake, bibi mmoja mkavu sana, alimjibu, "Hiyo tunaiita jembe. Na hiyo mdomo yako tunaiita mdomo. Ingine umesahau ni gani?" Kuanzia hapo lugha ilimrudia yote kwa mkupuo.

Alitaka kila kitu na kila kitu alikitaka kifupi. Alifuga samaki wakafa. Alisema atagombea udiwani, akasema amejitoa kabla mtu hajamuuliza. Akaenda Ogwedhi kununua mafahali, na hapo nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka mbuzi wangu wawili. Alisimama katikati ya soko la mifugo na suti ya bluu, ng'ombe wenyewe wanamwangalia. Mzee mmoja Mkuria, mchuuzi wa ng'ombe, alimtazama kutoka kiatu mpaka kichwa akawaambia wenzake kwa Kiswahili ili na yeye asikie, "Huyu mvua inamfikia kwanza. Lakini matope ni yetu sote." Soko lote lilicheka. Profeseno naye alicheka, kwa sauti kubwa kuliko wote, na siku hiyo hakununua ng'ombe.

Kisha akasikia habari ya dhahabu, akaja kwenye machimbo ya Osiri.

Mimi nilikuwa Osiri tayari. Niliacha shule darasa la sita, nimechanganya saruji, nimevua, nimelima miwa ya watu, na mwisho nikaingia shimoni na mdogo wangu Okello, kwa sababu shimo halikuulizi cheti. Profeseno alipokuja aliandikisha mashimo mawili kwa jina lake, akaajiri watu, akamweka msimamizi, Wasonga. Huyo ni wa kwanza ninayemtaja. Wasonga, mtu wa Uriri, mchimbaji mzuri, mwoga wa watu wakubwa.

Mwenye mashimo mwenyewe hakushuka hata siku moja. "Shimo halina saizi yangu," alikuwa anasema, na watu wanacheka. Ni kweli, asingepinda mle ndani. Alikaa juu kwenye kiti cha plastiki, magoti yamefika kidevuni, anasimulia Uturuki kwa wanawake wanaoponda mawe. Wao walikuwa wanaponda, yeye anasimulia. Mama Robi, Mkuria mmoja mtu mzima aliyeosha mchanga pale tangu machimbo yaanze, alimwambia mara moja, "Mwanangu, hadithi yako ni nzuri, lakini nyundo hii ina mpini mrefu, ingekufaa." Hakuielewa. Au aliielewa.

Sasa sikilizeni jambo la kamba, maana kila kitu kiko hapo.

Kule kwetu shimoni hatupimi kwa mita. Tunapima kwa pima. Unatupa kamba yenye jiwe mpaka iguse chini, unaweka fundo pale mdomoni, unaitoa, kisha unainyoosha kifuani, ncha ya kidole cha mkono huu hadi ncha ya kidole cha mkono ule. Hiyo ni pima moja. Unahesabu kwa sauti, wote wanasikia. Na kuna desturi, haijaandikwa popote lakini hata mgeni huambiwa siku ya kwanza: anayeshuka ndiye anayepima. Kwa sababu anayeshuka ni mtu wa kawaida, mwili wake umezoea shimo, na pima zake zinafanana na za wenzake kwa kidole kimoja au viwili. Mtu wa juu hapimi.

Shimo likiachwa, kina chake huandikwa kwenye daftari la kamati ya machimbo. Sababu ni moja. Mvua ikinyesha, shimo lililoachwa linageuka kisima, na majirani lazima wajue maji yamelala wapi ndipo wachimbe chini yake au mbali nayo. Daftari hilo lilikaa kwa mwenyekiti wa kamati, Onditi. Huyo ni wa pili ninayemtaja. Onditi, mwenye miwani yenye kamba, anayejipigia simu mwenyewe ili aonekane ana shughuli.

Shimo la kwanza la Profeseno lilipokauka dhahabu, ikabidi lipimwe liandikwe. Siku hiyo yeye alikuwa na wageni, watu wawili wa redio waliokuja kumhoji, ati nyota wa kikapu amegeuka mchimbaji. Wasonga alitoa kamba, akaanza kuinyoosha. Mmoja wa wale wa redio akasema, "Ungepima wewe, mzee, na mikono hiyo." Basi. Hiyo ilitosha. "Leteni hapa," akasema Profeseno. Alisimama kwenye kifusi ili aonekane, akanyoosha. Moja! Watu wakapiga makofi. Mbili! Akanyoosha polepole, uso ule wa padri. Alifika kumi na mbili, fundo likawa kwenye vidole vyake.

Mama Robi alikuwa ameinama kwenye karai lake. Hakuinua hata kichwa. "Hizo ni pima za nani, mwanangu?" akauliza.

"Za Uturuki, mama!" mtu akajibu, na tukacheka sote.

Tulicheka sote. Nilikuwepo. Nilipiga makofi na mimi, kwa viganja vilevile ambavyo baadaye vilibaki kwenye kamba. Hili nalisema kabla mtu mwingine hajalisema.

Mwaka na miezi ikapita. Mvua zikaja mara mbili, shimo lile likajaa kimya kimya. Sisi wanne, Okello, Otieno, Chacha na mimi, tulikuwa na shimo letu pembeni yake, na tulifuata mshipa wa dhahabu ukaelekea upande huo. Okello alikuwa mtu wa kuuliza kabla ya kugonga. Ndiye aliyeniambia, "Omera, twende kwa Onditi kwanza." Tulienda. Onditi alifungua daftari, akaweka kidole. "Kumi na mbili."

"Una hakika, jaduong', mzee wangu?" Okello akamuuliza.

"Wewe unaona nimeandika nini hapa? Kumi na mbili."

Sikukumbuka. Nilisikia kumi na mbili nikaona kumi na mbili tu. Namba ikishaingia daftarini inaacha nje mkono ulioipima. Tulishuka mpaka kumi na tano, zilizopimwa na Okello mwenyewe, kwa mikono yake mifupi ya halali, ili tubakishe pima tatu nzima za mwamba juu ya vichwa vyetu. Kisha tukaingia pembeni, tukijua tunapita chini ya maji.

Kumi na mbili za Profeseno zilikuwa kumi na sita zetu. Hatukupita chini ya maji. Tulienda tukayagonga ubavuni.

Ofisa wa serikali alikuja kutoka Migori na viatu safi. Onditi akamwonyesha daftari: kumi na mbili, sahihi, muhuri wa kamati. Ofisa akauliza, nani alipima shimo la hawa waliokufa? Akaambiwa, Okello. Basi akaandika kwamba marehemu alikosea kipimo. Maneno matatu hayo yalimtosha. Nilipiga kelele, nilisema habari ya kamba na redio, nikaambiwa nimechanganyikiwa na maji, nipelekwe nikapumzike. Mama Robi alikuwa ameshaondoka kwenda kwao, karibu na mpaka, mguu unamsumbua.

Kwenye mazishi ya Okello walikuja wote. Onditi alisimama mbele ya jeneza la ndugu yangu akasema, tujifunze kupima vizuri, vijana, haraka haraka haina baraka. Alisema hivyo mama yake Chacha akiwa ameketi mstari wa pili, na mke wa Otieno amekaa karibu na Auma, mke wa Okello, wameshikana mikono. Nilimwona mke wa Otieno akiuachia ule mkono. Hakuuvuta kwa nguvu. Aliuachia tu, akauweka mkono wake mapajani, na tangu siku hiyo hajaushika tena. Mama yake Chacha alisimama akaondoka kabla ya udongo. Leo Auma akienda kisimani wanawake wanamaliza mazungumzo. Anaitwa mke wa yule aliyewaua wenzake. Mtoto wa Otieno alimrushia jiwe, na hakuna mtu mzima aliyemkanya.

Profeseno naye alipewa nafasi aseme neno. Alizungumza juu ya mechi. Naapa. Alisimulia robo fainali moja ya Misri, jinsi mtu mmoja akikosea timu nzima inabeba. "Okello alikuwa mtu wa timu," akasema. Alizungumza huku amekunja mikono kifuani, vidole vimefichwa kwapani. Miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama mbele ya watu asiinyooshe.

Baada ya watu kula, Wasonga alinifuata nyuma ya choo akilia. Akaniambia yeye alikuwa ameipima kamba ile jana yake, peke yake, kujihakikishia kabla ya kupima mbele ya watu, akapata kumi na sita. Wageni wa redio walipoondoka alimfuata Profeseno, akamwambia, "Mkubwa, hii hesabu yako si ya watu. Mimi nilipata kumi na sita." Akajibiwa nini? "Redio imeshasikia kumi na mbili." Akaenda kwa Onditi. Onditi naye akamwambia, "Mkubwa amesema kumi na mbili, wewe unataka tuonekane hatujui kuhesabu?" Akaandika kumi na mbili, akaivalisha kalamu kofia yake.

"Na wewe ukanyamaza," nikamwambia Wasonga.

"Nilikuwa na kazi, Baba Achieng'."

"Utasema sasa?"

Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Sasa nina kazi bado," akasema.

Nilimwona Profeseno mara ya mwisho mwaka huu, Homa Bay. Anafundisha kikapu kwenye shule ile ile, kwenye saruji ile ile, wanamwita Kocha. Nilifika saa tisa alasiri, wanafunzi wanapasha misuli. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, mguu umenyooshwa, goti limevimba kama boga, na juu yake ameweka mfuko wa barafu aliotoa kwa wachuuzi wa samaki ufuoni. Nyota wa Uturuki, ananuka mbuta. Sikucheka. Nilitaka kucheka, sikuweza.

"Baba Achieng'," akasema. Hakusimama, na safari hii nilijua hawezi. "Mama Achieng' hajambo?"

"Hajambo. Anatembea kwa sababu yako."

Akausogeza mfuko wa barafu gotini.

"Mke wa Okello hatembei," nikamwambia. "Akitembea wanamrushia mawe. Hiyo pia ni kwa sababu yako."

Barafu ilikuwa inadondoka kwenye kiatu. Nilidhani atanisimulia Misri. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, kwa Kijaluo, ile lugha aliyowahi kuisahau, "Nilijua siku ya mazishi. Onditi aliposema kipimo, nilihesabu pale pale nikiwa nimesimama. Zangu kumi na mbili, zake ngapi. Nilipata jibu kabla hajakaa."

"Na ukasimulia robo fainali."

"Ningesema nini, omera, jeneza liko pale?"

"Ungesema namba."

"Okello harudi nikisema."

"Sijakuja kumtafuta Okello. Nimekuja kutafuta jina lake."

Akanionyesha wanafunzi kwa kidevu. Walikuwa ishirini hivi, wasichana na wavulana, mmoja mrefu kweli kweli, anajikwaa kwa miguu yake mwenyewe. "Hawa nikiwaambia niliua watu kwa kuringa, kesho nani atanisikiliza nikisema pinda goti, inua kiwiko? Nimebaki na hii tu. Huoni? Nimebaki na hii tu."

Nikamwambia, "Auma amebaki na nini?"

Msichana mmoja alimpigia filimbi kutoka katikati ya kiwanja. "Kocha, tuko tayari!" Akajiinua kwa kushika ukuta, mfuko wa samaki ukaanguka, akachechemea kwenda kwao. Hakuniaga. Nilisikia sauti yake ikirudi kuwa kubwa, "Haya, mabingwa wangu!" nao wakajibu kwa pamoja.

Kwa hiyo alisema. Ameniambia mimi, ngazini, hakuna mwingine anayesikia, mimi niliyekuwa najua tayari. Hiyo si kukiri. Hiyo ni kujikuna.

Sasa nauliza, na nauliza kwa majina. Wasonga wa Uriri, ulikuwa na kumi na sita mdomoni kabla ndugu yangu hajagonga mwamba, na bado unayo. Utaitema lini? Onditi, mwenyekiti, daftari bado liko kwako. Nani alikuruhusu kuandika hesabu ya mtu wa juu, ukajua ni ya mtu wa juu, kisha ukasimama juu ya maiti ya mtu aliyekuja kukuuliza kwa heshima ukamfundisha kupima? Ofisa wa viatu safi, uliandika maneno matatu kwa siku moja. Ni lini utarudi uyafute? Na wewe Kocha, hutaki wanafunzi wako wajue. Sawa. Usiwaambie wanafunzi. Nenda kwa mama yake Chacha. Nenda kwa mke wa Otieno. Milango yao ni mifupi, safari hii itakubidi uiname kweli. Waambie alipima nani. Auma awe amesimama hapo, asikie kwa masikio yake, na wao wamtazame usoni wakisikia.

Nani kati yenu anakwenda, na anakwenda lini?